Kadi za Mama Tangazo na Masikio ya Mumewe

Mama Tangazo alifanya kazi moja tu maishani mwake, nayo ilikuwa kutangaza treni. Alikaa kwenye kibanda cha kioo juu ya ofisi ya tiketi, kipaza sauti mbele ya mdomo, akiwaambia watu treni ipi imefika, ipi imechelewa na ipi haiji kabisa. Yote aliyasema kwa sauti ileile tamu isiyoyumba, hata abiria walikuwa wakisema kwamba ukiambiwa na yule mama treni yako imefutwa, unajikuta umejibu ahsante. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani kila mtu, mpaka daktari wa meno, alimwita Mama Tangazo.

Mumewe alikuwa mkutubi, na maisha yake yote alilipwa mshahara ili watu wanyamaze. Alivaa viatu vya soli ya mpira. Aliweza kumsikia mtu akimenya pipi kwenye kona ya mbali kabisa ya chumba cha kusomea, akamwendea, akasimama mbele yake bila kusema neno mpaka yule mtu akairudisha mfukoni. Jinsi watu wawili hawa walivyooana ni jambo ambalo hata wenyewe wakiulizwa walitazamana kwanza. Inasemekana Mama Tangazo aliingia maktaba siku moja kutafuta kitabu cha ushonaji, akauliza kwa sauti yake ya kawaida, na wasomaji wote wakainuka kukusanya mizigo yao. Mkutubi akamfuata nje ili amkanye. Hakurudi ndani mpaka saa ya kufunga.

Walistaafu mwaka mmoja, wakabaki wawili kwenye nyumba ya ghorofa ya tatu: sebule iliyozungukwa na rafu za vitabu, jiko lenye dirisha linalotazama ua wa kuanikia nguo, chumba chao, na chumba cha binti yao, muuguzi, ambaye alikuwa amehamia mji mwingine kikazi. Mkutubi alikaa kwenye kiti chake akasoma. Mama Tangazo hakujua akae wapi. Alijaribu kufuma masweta, yakatoka na mikono isiyolingana. Alijaribu kutengeneza sabuni, ikagoma kuganda, wakawa wanaoga kwa kijiko. Muda uliobaki alitangaza.

“Tahadhari,” alikuwa akisema kutoka jikoni. “Chai iko mezani. Narudia, chai iko mezani. Anayehusika afike kabla haijapoa.”

Na anayehusika alikuwa ameshakaa mezani, kijiko mkononi.

Basi siku moja alialikwa na rafiki yake wa zamani, mama aliyekuwa akikata tiketi dirisha la chini. Alimkuta ameweka stoo fremu ya chuma kama ile ya kukaushia vyombo, na mahali pa sahani zilipangwa kadi nene, ndefu kama mkono kutoka vidole hadi kiwiko, kila moja na feni zake zikizunguka. Nyaya zilikuwa zimesukwa chini yake kama nywele za mwanafunzi.

“Hii nini, mwenzangu?”

“Nachimba.”

“Unachimba nini ghorofani?”

“Sarafu za mtandaoni.” Yule rafiki akamweleza kwamba hizi zinaitwa kadi za grafiki, hutiwa kwenye kompyuta ili picha zitoke safi, lakini kumbe zina nguvu ya ajabu ya hesabu. Ukizipanga hivi zinakisia namba kutwa kucha pamoja na mashine nyingine za dunia nzima, na wakipatia, kila mmoja anagawiwa chembe ya sarafu kwa kadiri ya kazi yake.

“Kwa hiyo zinabahatisha,” alisema Mama Tangazo.

“Zinabahatisha kwa kasi.”

“Mume wangu naye anabahatisha kila siku kwenye chemshabongo ya gazeti, na hajawahi kugawiwa kitu.”

Lakini alirudi nyumbani kichwa kimemjaa sarafu. Alimweleza mumewe mpango mzima akiwa amesimama katikati ya sebule. Mkutubi alishusha kitabu mapajani, jambo ambalo alilifanya kwa mazito tu.

“Nina sharti moja,” alisema. “Nisiisikie.”

“Hutaisikia.”

“Hata kidogo.”

“Nimesema hutaisikia!” alisema Mama Tangazo, na chini uani mtu aliyekuwa akianika shuka akaacha, akatazama juu.

*

Duka la kompyuta la mtaani lilikuwa la jamaa mmoja mnene aliyevaa miwani usoni na miwani nyingine kichwani. Watu walimwita Garantii, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitaja sana kabla ya kuuza na kulisahau kabisa baada ya kuuza.

Mama Tangazo hakwenda pale mikono mitupu. Alikuwa ameshinda wiki kadhaa akisoma kwenye simu na kumsumbua rafiki yake wa dirisha la tiketi kwa maswali. Alijua kwamba kadi yenye memori ndogo haifai, kwa sababu kazi yenyewe haienei ndani yake. Alijua kwamba kasi ya kukisia peke yake si hoja. Hoja ni kasi hiyo inakula umeme kiasi gani, maana umeme unalipia wewe. Na alijua sharti la mumewe.

“Hii hapa, mama, ndiyo mfalme wao,” alisema Garantii, akiweka juu ya kaunta kadi kubwa kama tofali. “Feni tatu. Memori imejaa tele. Na taa zake zinabadilika rangi.”

“Taa za nini?”

“Za urembo.”

“Nani atazitazama?”

Garantii alifikiri kidogo. “Wageni.”

“Inakula umeme kiasi gani?”

“Kidogo tu.”

“Kidogo cha nyumbani kwangu au kidogo cha kiwanda cha saruji?”

Garantii alibadilisha miwani, akasoma maandishi ya ubavuni mwa boksi kwa sauti inayozidi kushuka. Mama Tangazo akapiga hesabu kichwani, akageukia kadi ya wastani iliyokuwa imekaa kwa adabu kwenye rafu ya nyuma, akaulizia na umeme wake.

“Mfalme wako anakula chakula cha wawili na kufanya kazi ya mmoja na nusu,” alisema. “Lete ile ya nyuma. Iwashe, tusikie.”

“Tusikie nini, mama? Hii siyo redio.”

“Siyo mimi wa kusikia.” Akageukia mlangoni. “Baba! Ingia.”

Mkutubi aliingia. Alikuwa amekataa kusubiri ndani kwa sababu ya muziki.

“Shikamoo, mzee! Karibu! Kila kitu hapa kina garantii!”

“Marahaba. Naomba uzime hiyo redio.”

Garantii akazima. Mkutubi akakaa kwenye kigoda, akaweka mikono magotini, akafumba macho. Kadi ikachomekwa kwenye kompyuta ya majaribio iliyokuwa wazi pale kaunta, feni zikaanza kuzunguka. Watu wote dukani, yaani Garantii, Mama Tangazo na bwana mmoja aliyekuja kununua wino wa printa, walisimama wakimtazama mzee kama wanaosubiri majibu ya maabara.

“Inapiga mluzi,” alisema Mkutubi.

“Wapi?” Garantii aliinama mpaka ncha ya sharubu zake ikaguswa na feni, akaruka nyuma. “Mimi sisikii mluzi.”

“Nyuma ya feni. Mwembamba. Kama wa mtu aliye bafuni anayedhani yuko peke yake.”

Bwana wa wino naye akainama. “Nausikia,” alisema.

“Husikii lolote wewe,” alisema Garantii. “Unafuata mkumbo. Kamata wino wako.”

Ikaletwa nyingine ya aina ileile. Hiyo Mkutubi alisema inanguruma kama mtu mwenye kinyongo. Ya tatu ilikohoa, ikasubiri, ikakohoa tena. “Kukohoa naweza kuvumilia,” alisema. “Kusubiri ndiko kubaya.” Walitoka siku hiyo bila kadi hata moja, na Garantii alibaki amekaa juu ya kigoda, sikio limebanwa kwenye feni, akitafuta mluzi.

Wakawa wanarudi kila Jumamosi. Mwanzoni Garantii akiwaona alitamani kuingia chini ya kaunta. Kisha akagundua kwamba watu walikuwa wakikusanyika mlangoni kumtazama mzee anayesikiliza mashine, na kwamba aliyekusanyika hakosi kununua walau waya. Akaanza kuweka kigoda tayari. Kadi ambayo Mkutubi aliitikia kwa kichwa, Garantii aliipandisha bei kwa wateja wengine. “Hii siyo ya hivihivi,” aliwaambia. “Hii imepita kwenye masikio ya mzee.”

Mama Tangazo, kwa upande wake, aliona jambo jingine. Mumewe alikuwa anaamka mapema Jumamosi. Alikuwa ananyoa ndevu. Jumamosi moja alivaa hata saa.

Kwa mwendo huo walipata kadi tatu nzuri, za wastani, tulivu. Ya nne ndiyo iliyowatia matatani. Ilikuwa imetumika. Garantii aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, akaifuta kwa kiganja.

“Hii ilikuwa ya mama mmoja mhasibu,” alisema. “Alikuwa anaitumia kuchezea karata, Jumapili tu, baada ya chakula.”

Mama Tangazo aliinusa. “Mbona inanuka pasi iliyosahauliwa juu ya shati?”

“Mhasibu alikuwa anapenda manukato makali.”

“Ya kuungua?”

“Tuisikilize kwanza,” alisema Mkutubi, ameshakaa.

Ikachomekwa. Picha ikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Mkutubi alifumba macho, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Muda ukapita. Alipofumbua macho yalikuwa na unyevunyevu.

“Kimya,” alisema kwa sauti ya chini. “Kimya kabisa. Mama, hii hailii hata chembe. Nunua.”

Mama Tangazo hakuwa amewahi kumwona mumewe ameguswa namna ile, hata siku binti yao alipozaliwa. Akafungua pochi. Garantii alichomoa ile kadi na kuifunga haraka kuliko alivyowahi kufunga kitu chochote.

*

Walisukuma kitanda cha binti ukutani, wakaweka fremu juu ya meza aliyokuwa akisomea zamani. Kuunganisha nyaya kuliwachukua mchana mzima, kwa sababu Mama Tangazo alikuwa akisoma maelekezo kwa kutangaza, na Mkutubi kila akisikia sauti ile aliacha kazi na kusikiliza mpaka mwisho.

“Waya mweupe unaingia tundu la kushoto. Narudia, waya mweupe...”

“Nimesikia, Mama. Niko hapahapa.”

Hatimaye mashine ikawashwa. Kadi tatu zikaanza kuvuma polepole. Ya nne, ile ya mhasibu, ilitulia kimya katikati ya wenzake kama bibi harusi. Mkutubi aliikodolea macho kwa mapenzi. Baada ya muda mfupi harufu ya pasi ikajaa chumbani, mashine ikalia mlio mmoja mfupi, na kila kitu kikazimika.

Mama Tangazo aliinama, akalisukuma panga la feni ya ile kadi kwa ncha ya penseli. Halikusogea. Akasukuma la pili. Feni zote mbili zilikuwa zimekwama kama mlango uliopigwa misumari.

“Baba,” alisema, na safari hii kwa sauti ya chini, “ilikuwa kimya kwa sababu haizunguki.”

Mkutubi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaitazama kadi.

“Lakini kubali,” alisema, “ilikuwa kimya.”

Kwa Garantii walipokelewa kwa mshangao wa mtu ambaye hajawahi kuwaona. Alipoishiwa mbinu za kutowafahamu, alikunja mikono. “Mama, tuongee ukweli. Mzee alitaka kimya, nikampa kimya. Ningejuaje kwamba mnataka na feni?”

“Na garantii?” aliuliza Mama Tangazo.

“Garantii ya kimya ipo palepale.”

Sasa Mama Tangazo akavuta pumzi. Wale waliokuwa dukani siku hiyo husimulia kwamba hakupandisha sauti hata kidogo; aliitumia tu vile alivyoitumia stesheni, tamu na wazi, akiwataarifu wateja wote waliopo na wanaopita nje kwamba duka hili limeuza kadi yenye feni mfu, na kwamba mwenye duka anaombwa afike kaunta. Mtaa wote ulisimama. Garantii, aliyekuwa kaunta tayari, alifika kaunta. Tatizo ni kwamba kadi ya aina ile iliyobaki dukani ilikuwa moja tu, ile yenye kinyongo. Ikabidi waichukue. Na ndivyo mngurumo ulivyoingia nyumbani mwa Mkutubi.

*

Nyumba ilibadilika. Birika la umeme na mashine havikukubali kufanya kazi pamoja. Vikiwashwa vyote, swichi kuu inaruka na nyumba nzima inakuwa giza. Kwa hiyo ikabidi kila chai itanguliwe na tangazo la kuzima mashine kupisha birika. Chumba cha binti kilikuwa na joto la kuoka. Mama Tangazo, ambaye hakutaka joto lipotee bure, aliweka humo kamba ya kuanikia taulo, na taulo zilikauka zikawa ngumu kama mbao, ungeweza kuzisimamisha.

Alingojea mumewe alalamike. Mkutubi hakulalamika. Siku ya kwanza alisema anaingia mle kusikiliza kama kelele imezidi. Alikaa sana. Siku ya pili aliingia na kitabu. Siku ya tatu Mama Tangazo alikuta kiti cha sebuleni hakipo.

Mchana mmoja alipika, akaandaa meza, akatangaza. Kimya. Akarudia tangazo. Kimya. Alitangaza mara ya tatu kwa sauti iliyowahi kumgeuza mtu aliyeshapanda behewa lisilo lake, na bado hakuna aliyetokea. Alipofungua mlango wa chumba alimkuta mumewe amevaa fulana tu, miguu juu ya kitanda cha binti, jasho linamtiririka shingoni, anasoma na kutabasamu.

“Hunisikii?”

“Nini?” alisema Mkutubi, mkono nyuma ya sikio.

“Nimetangaza mara tatu!”

“Ah. Hapana, humu huwezi kusikika.” Na akaongeza, kwa bahati mbaya, “Ni pazuri sana.”

Mama Tangazo alirudi jikoni akala peke yake. Watu wa majukwaa yote ya stesheni walikuwa wakimsikia, pamoja na wenye mizigo, wenye watoto wanaolia, na wenye kusinzia. Leo amezidiwa na feni, tena feni ambazo alizinunua yeye. Alipomaliza kula, aliweka chakula cha mumewe ndani ya sufuria na kufunika kifuniko kwa kishindo ambacho, akijua fika, nacho hakingesikika.

Katika hali hiyo binti yao alifika, begi mkononi, amepata likizo. Alifungua mlango wa chumba chake, upepo wa moto ukampiga usoni, akamwona baba yake kwenye fulana katikati ya taulo zilizosimama.

“Baba, unaumwa?” Alishamshika paji la uso kabla hajaliona lile dude mezani.

Aliwakalisha wote wawili sebuleni, kama ambavyo huwakalisha ndugu wa wagonjwa. Aliomba kuonyeshwa bili ya umeme na kile ambacho mashine imechuma tangu ianze. Mama Tangazo alifungua simu, akajikohoza, akasoma.

“Sifuri nukta sifuri,” alianza kwa sauti ya stesheni. “Sifuri. Sifuri. Sifuri. Sifuri...”

“Mama, namba yenyewe inaanzia wapi?”

“Subiri, inakuja. Sifuri. Nne.”

“Nne nini?”

“Nne basi.”

Binti alitazama bili, akatazama simu, akashika tama. Umeme ulikuwa umekula kuliko mashine ilivyochuma. Kumbe hata rafiki wa dirisha la tiketi alikuwa amezima ya kwake zamani, akaona haya kusema.

“Tunazima leo,” alisema Mama Tangazo, na alipoinuka alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

“Hapana,” alisema Mkutubi.

Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa amesimama.

“Hapana, nasema. Mnielewe.” Alitafuta mahali pa kuweka mikono yake. “Nilipostaafu nilidhani nitaufurahia ukimya. Kumbe ule wa maktaba ulikuwa ukimya wa watu. Watu mia wamenyamaza, lakini wapo, wanapumua, wanageuza kurasa. Huu wa hapa ni ukimya wa kuta. Wewe mwanangu ulipoondoka ndipo nilipoanza kuusikia. Nilikuwa nakaa pale nasoma ukurasa mmoja asubuhi nzima. Mle ndani kuna kitu kinavuma. Nasoma.”

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja.

“Lakini mimi si nipo?” alisema Mama Tangazo. “Naongea kutwa nzima!”

“Unatangaza, mke wangu,” alisema Mkutubi kwa upole. “Huongei.”

Mama Tangazo akaenda jikoni.  Kwa mara ya kwanza chai ililetwa mezani bila taarifa yoyote. Usiku aliingia kitandani bila kutangaza kwamba taa inazimwa. Kesho yake pia hakusema kitu. Alipika kimya, akafagia kimya. Ilipofika mchana Mkutubi alikuwa na kiwewe. Alizunguka nyumba nzima kwa soli zake za mpira akimtafuta, akamkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha binti, mbele ya mashine inayovuma.

Akakaa kando yake. Mama Tangazo alisema kitu.

“Nini?” aliuliza Mkutubi.

Ikabidi amsogelee mpaka bega likagusa bega, amwambie sikioni. Alichomwambia hakijulikani, kwa maana binti, aliyekuwa mlangoni akijaribu kusikia, naye alizidiwa na feni. Aliona tu kwamba baba yake alijibu, mama akacheka, kisha baba akajibu tena. Walikaa kwenye joto lile mpaka nguo zikawagandia mwilini. Walipotoka, Mkutubi ndiye aliyekwenda kuzima mashine, kwa mkono wake mwenyewe, na wakati wa chakula cha jioni waliendelea na mazungumzo yao palepale walipoyaachia.

Kadi tatu walizirudisha kwa Garantii, ambaye alizikagua kwa kuziwekea sikio, macho ameyafumba, mpaka Mkutubi akamwambia feni hazijawashwa. Bei aliyotaja ilimfanya Mama Tangazo avute pumzi, na Garantii, aliyekwisha kujifunza, akainua mikono kabla neno halijatoka. Akaongezea juu yake usukani wa plastiki wenye pedali zake, pamoja na mchezo wa mbio za magari milimani. “Hiyo ya nne msiniuzie,” alisema, akiwa na wasiwasi isirudi na kinyongo chake. “Kaeni nayo. Kazi yake hasa ndiyo hii.”

Kwa hiyo ile inayonguruma ilibaki, ikawekwa ndani ya kompyuta ya kawaida mezani kwa binti. Usukani akaushika Mama Tangazo, maana Mkutubi alikataa katakata kuendesha kitu ambacho hajasomea. Yeye alikaa pembeni, ramani ya njia imo kichwani, kazi yake kumwonyesha mwenzake kona. Mwanzoni alikuwa akimnong’oneza. Lakini Mama Tangazo alikuwa na mguu mzito na hakujua breki iko upande gani, na jioni ya pili, binti yao alitoka bafuni mbio, povu la sabuni kichwani, akidhani kuna mtu ameanguka. Alimkuta baba yake amesimama wima, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga kelele ambayo labda haikuwahi kusikika kwa mkutubi yeyote: “Breki! Breki! Mwanamke, breki!”

Likizo ilipokwisha binti alirudi kazini. Wiki moja baadaye aliwapigia simu jioni awajulie hali. Simu iliita sana. Ilipopokelewa, alisikia mtu anahema.

“Baba? Mko salama?”

“Mama yako ametutumbukiza ziwani,” alisema Mkutubi. “Nitakupigia tukishatoka.”